Subaru STI ya Jumapili itakula shilingi ngapi kwa mwaka?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina miaka 31, nimeajiriwa, naishi Tabata. Gari la kuendea kazini ninalo, Toyota IST, na silalamiki. Lakini tangu nikiwa sekondari natamani Subaru Impreza WRX STI, na sasa nimelipata moja la mwaka 2006, la bluu, gia za mkono, mwenyewe anataka milioni 30. Nimejikusanyia milioni 32. Ni la kujifurahisha tu: Jumapili Bagamoyo, mara mojamoja Morogoro, nadhani halitazidi kilomita 6,000 kwa mwaka. Siku ya kwanza lilipita mbele yangu na ule mngurumo wa kukoroma, nikaishiwa nguvu. Wenzangu wanasema litanifilisi kwa mafuta. Ni kweli? Niandae shilingi ngapi kwa mwaka?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao wenzako wanakutisha kwa kitu kisichotisha sana, na kinachotisha hawajakutajia. Tuanze na mafuta tuyamalize.

STI ya 2006 ina injini ya lita 2 yenye turbo, inayozungusha magurudumu yote manne. Kwenye foleni ya Buguruni inaweza kushuka hadi kilomita 5 kwa lita. Barabara ikiwa wazi na mguu ukiwa na adabu, inafika 9 na kitu. Kwa matumizi yako chukua 6. Bei kikomo ya petroli EWURA, mamlaka ya nishati, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hupanda na kushuka, kwa hiyo kwa hesabu rahisi tuseme 3,000 kwa lita. Kilomita 6,000 ni lita 1,000, yaani milioni 3 kwa mwaka. IST yako, ikienda kilomita 13 kwa lita, ingekula kama milioni 1.4 kwa safari hizohizo. Tofauti ni milioni 1.6 kwa mwaka, kama 130,000 na ushee kwa mwezi. Watu huogopa kwa sababu wanayaona yakiingia: tangi la lita 60 linameza 180,000 nawe umesimama pale unatazama namba za pampu zinavyokimbia. Hela ya mafuta ina uungwana huo, inakuaga kabla ya kuondoka. Nyingine huondoka usiku.

Bima nayo hesabu yake iko wazi. Ile ndogo, ya wengine, ambayo sheria inakulazimisha, ni 118,000 kwa gari binafsi pamoja na VAT. Bima kubwa kwa kawaida hutozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kisha juu yake VAT ya asilimia 18. Gari la milioni 30 ni 1,239,000. Kata kubwa. Bampa na taa za STI si vitu vya kukuta kila duka la spea pale Gerezani kama vya IST, na ukivikuta, muuzaji anajua umetoka mbali. Ila ulizia bima kabla hujalipia gari, maana gari la umri huo baadhi ya kampuni huliangalia kwa jicho la pembeni, na kwenye fomu andika kila kilichobadilishwa. Leseni ya barabara ya kila mwaka usiiwaze, ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye lita ya mafuta. Tochi za njia ya Morogoro ziwaze. Kila kosa 30,000, na STI inatoka 50 hadi 90 kabla hujamaliza sentensi unayomwambia abiria.

Hapo tumefika kama milioni 4.2, na hakuna spea hata moja iliyonunuliwa. Kabla ya spea nirudi kwenye ule mngurumo.

Mngurumo wa Subaru unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Injini yake imelala, silinda mbili kushoto na mbili kulia, na moshi wa upande mmoja husafiri njia ndefu kuliko wa upande wa pili, ndipo inapokoroma. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2002, STI zilizouzwa Japani zilifungwa turbo ya njia mbili, ile twini skroli, yenye mabomba ya urefu sawa. Zile hazikoromi. Zinatoa sauti laini, karibu ya gari la kawaida, na wengi wakiisikia mara ya kwanza huhisi wamepunjwa. Sasa gari la 2006 lililotoka Japani, kama lako, linakoroma kwa nini? Lilipo jibu ndipo zilipo hela zako. Ama mtu amebadilisha mabomba, na pengine turbo na mpangilio wa kompyuta pia. Ama injini iliyomo siyo iliyozaliwa nayo. Ama si STI kabisa, ni WRX ya kawaida iliyovalishwa nguo za kakaye.

Hili la mwisho linapimika kwa dakika moja. Fungua boneti, tazama namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. STI ya Japani ya umbo hilo huanza na GDB. Ikianza na GDA, hiyo ni WRX. WRX si gari baya hata kidogo, ila giaboksi yake ni ya gia tano na ni dhaifu, wakati ya STI ni ya gia sita na ngumu kweli, na bei zake hazifanani. Tazama na rimu: STI kuanzia modeli ya 2005 zina nati tano zenye PCD, yaani kipenyo cha duara la nati hizo, ya milimita 114.3, za kabla yake ni 100. Ukikuta 100 kwenye gari linaloitwa la 2006, muulize mwenye gari kwa upole, halafu nyamaza umsikilize anavyojieleza.

Sasa kinachokula hela. Injini za familia ya EJ20 zilianza na Legacy mwaka 1989 na ziliishi miaka thelathini. Mskoti Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza. Ni injini nzuri. Lakini ile ya STI ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu la Japani, ya oktani (kipimo cha petroli kuvumilia shinikizo bila kulipuka mapema) karibu 100, na tunayouziwa vituoni kwetu haifiki huko. Petroli ya oktani ndogo, joto la Dar, na turbo iliyoongezwa shinikizo na kijana mwenye kompyuta mpakato: hapo mchanganyiko hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Husikii kitu, redio inaimba. Kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo kwenye pistoni na kwenye beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na shafti kuu. Kompyuta ya kiwandani ina sikio lake, hujitahidi kuchelewesha moto wa plagi ili kuiokoa injini. Kompyuta iliyochezewa huenda imezibwa sikio hilo. Ndiyo maana gari lililoongezwa nguvu mimi hulihesabu kuwa na thamani pungufu, hata mwenyewe awe amelitumbukizia mamilioni. Hela alizokula raha yake si deni lako.

Adui wa pili ni oili, na hapa naongea kwa majeraha. Mwaka 2014 nilikuwa na Impreza yangu ya turbo, nikaipeleka gereji moja kubadilishwa oili kabla ya safari ya Iringa. Wakaniambia tayari, nikalipa, nikaondoka. Sikuchomoa stiki. Kupanda mlima Kitonga, kona baada ya kona, taa ya oili iliwaka kwenye kona ya kulia ikazima, ikawaka tena, ikazima. Nikajisemea ni waya tu. Kufika juu injini ilikuwa inagonga kama mtu anayebisha hodi kwa sarafu. Tulipochomoa stiki, ncha yake ilikuwa kavu, ina kadoa tu kama ka chai chini ya kikombe. Gereji walisema waliweka ya kutosha. Mimi sikuwa na cha kubishia kwa kuwa sikutazama. Injini hiyo ilirudi Dar juu ya lori.

Kwa hiyo, mdogo wangu, stiki ya oili ni yako, si ya fundi. Kila unapojaza mafuta: simamisha gari pahala tambarare, zima, subiri dakika chache ishuke, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Ikisoma katikati ya alama mbili, ongeza. Subaru yenye turbo kunywa oili kidogo ni tabia yake, kwa hiyo lita moja ya akiba ikae buti siku zote. Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia, na iwe sinthetiki halisi. Kwa mwendo wako ni mara mbili kwa mwaka, dumu la lita tano kila mara, na filta. Nunua kwa wakala anayekupa risiti. Dumu lililofunguliwa na kufungwa upya kwa ustadi lipo mjini, na injini ndiyo itakayokwambia.

Adui wa tatu ni mkanda wa taiming. Injini hii inazungusha shafti zake nne za kamu kwa mkanda mmoja wa mpira, na ukikatika, pistoni hukutana na valvu. Muda wake ni kilomita 100,000, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Gari lako lina umri wa mtu anayesoma chuo. Mwenyewe akikwambia mkanda umebadilishwa juzijuzi, muombe risiti. Akiwa hana, hesabu kwamba haujabadilishwa. Na usibadilishe mkanda peke yake. Rolla zake, tenshena na wotapampu vinakaa mlango huohuo, na rolla ikijikaza huuchana mkanda mpya kama uzi.

Nitaje kwa haraka yasiyo na kisa. Brekipedi za Brembo, mbele pistoni nne kwa kila gurudumu, ni ghali na feki zimejaa. Plagi nne zimefichwa ubavuni, fundi atakutoza kwa jasho lake na ana haki. Bushi na shokapu zitaisha kwa matuta yetu mapema kuliko zingeisha Nagoya kule Japani. Klachi inategemea wewe. Wa kuonyesha rafiki jinsi linavyoruka kwenye taa anaweza kuimaliza kwa msimu mmoja.

Tairi zina kisa. Gari hili linaendesha magurudumu yote manne, na katikati yake kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka tairi mbili mpya na kubakiza mbili zilizoisha, vipenyo vinatofautiana, difu inafanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja, na mwisho wake inaungua. Kwa hiyo tairi hununuliwa nne, za aina moja, saizi yako ikiwa 235/45 R17. Ukipata pancha isiyozibika upande mmoja, ujue huenda umenunua nne. Kwa kilomita 6,000 kwa mwaka hutazimaliza kwa kuendesha, zitazeeka kwanza. Usishawishike na mtumba wa tairi kwa gari linalokimbia namna hii.

Halafu kuna mtego ambao Mjapani hana. Kwao fundi ni ghali na spea inapatikana kesho. Kwetu fundi ni nafuu na spea ndiyo mtihani. Kushusha injini ya Subaru kwetu ni kazi ya vijana wawili na winchi, na kwa kuwa ni nafuu, watu huishusha kwa kila jambo. Gasketi ikivuja, shusha. Sauti haieleweki, shusha. Kila inaposhushwa inarudi na bolti moja pungufu, klipu moja iliyokatika, bomba moja la utupu lililochomekwa pasipo pake. Gari la STI lililoguswa na mafundi kumi ni ghali kulimiliki kuliko lililotembea kilomita laki mbili na fundi mmoja. Mtafute huyo mmoja kabla ya gari. Awe anafungua Subaru zenye turbo kila wiki, ana kifaa cha kusoma kompyuta yake, na asiyeona haya kukwambia sijui.

Injini ikifa, wengi hukimbilia injini ya mtumba kutoka Japani au iliyopitia Dubai. Inafika imefungwa nailoni, imeoshwa inang'aa, na historia yake imeoshwa pia. Hata ukiipata nzima, kabla ya kuifunga inataka mkanda mpya, sili mpya na wotapampu mpya, kwa hiyo bei uliyotajiwa dukani siyo bei yake. Fanya hivi wiki hii: piga simu sehemu tatu, uliza bei ya injini kamili ya EJ207, ndiyo EJ20 ya STI, ya GDB, iandike kwenye karatasi. Namba hiyo ndiyo gharama halisi ya gari unalolitaka, hata kama hutailipa kamwe. Asiye nayo akiba anaendesha akisikiliza injini badala ya kufurahia.

Sasa hesabu ya mwaka. Njia yangu ni ya kilomita. Mafuta ni 500 kwa kila kilomita, kama tulivyoona. Weka 500 nyingine kwa kila kilomita kwenye akaunti tofauti, ya oili, tairi, brekipedi na yale yasiyojulikana. Usiiguse hata gari likikaa miezi minne bila tatizo. Halijakusamehe, linakusanya nguvu. Kwa kilomita 6,000 ni milioni 3 za mafuta, milioni 3 za matunzo, na 1,239,000 za bima. Jumla milioni 7.2 na kitu, karibu 603,000 kila mwezi. Ukiendesha nusu ya hapo, usidhani itakuwa nusu: bima haijui umeendesha kiasi gani, mpira unazeeka vilevile, na gari lililolala hula betri na kuota kutu kwenye diski, hasa mtu akikaa karibu na chumvi ya bahari. Mimi ningelitoa kila wiki, hata kama ni kwenda Kibaha na kurudi, nusu saa ya injini kupata moto kamili. Dakika kumi za kwanza usiisukume, dakika mbili za mwisho iache ipoe kabla ya kuzima, turbo itakushukuru.

Kando ya hiyo kuna hela ya mwezi wa kwanza. Gari lolote la namna hii, hata liwe safi vipi, siku ya kwanza nalifanyia kama halijawahi kuhudumiwa: mkanda na vyote vya mlango ule, plagi, filta, oili ya injini, ya giaboksi na ya difu ya nyuma, maji ya rejeta, mafuta ya breki, na mabomba ya mpira yaliyokauka. Nikishamaliza ndipo najua nina gari gani. Kwa hili na kwa akiba ya mwanzo natenga robo ya bei ya kununulia.

Ndiyo maana jibu langu kwa milioni 30 ni hapana. Ukiwa na 32 gari lako ni la milioni 24: robo yake ni 6, na mbili zinazobaki ni za bima, kuhamisha jina na tangi la kwanza. Aidha ushushe bei ya hilo kwa hoja nilizokupa, aidha usubiri ukusanye. Kusubiri hakutakuumiza. Kiwanda kiliiaga EJ20 mwaka 2019 kwa toleo la magari 555 tu, na mwaka 2022 Subaru ikatangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya petroli. Zilizopo hazishuki bei upesi, kwa hiyo ukilitunza, siku ya kuuza utaokoa sehemu kubwa ya mtaji. Ubaya ni kwamba spea nazo zinaelekea hukohuko.

Na kama baada ya hesabu hii unachotaka ni raha ya gia za mkono kwenye barabara ya Bagamoyo asubuhi, jaribu kwanza Toyota Altezza RS200 yenye gia sita. Lita 2, haina turbo, nguvu za farasi 210 kwa ile ya mkono, inasukuma kwa nyuma. Haikoromi, haitampita mtu shingo ikageuka. Nina rafiki aliyeuza STI akachukua Altezza na sasa analala usiku. Mimi, kwa upumbavu wangu, bado nina Subaru.

Ukienda kuliona hilo la bluu, nenda asubuhi sana na mpigie mwenyewe usiku uliotangulia, umwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ameshaficha jambo. Ikiwa baridi, chomoa stiki, tazama rangi na kiwango, kisha aliwashe wewe ukiwa umesimama mbele. Kugonga kidogo, kuzito kama kulikofunikwa nguo nzito, kunakopotea injini ikishapata moto ni pistoni, kunavumilika, kunapunguza bei. Kugonga kwa chuma kunakozidi kadiri inavyopata moto ni konrodi. Hapo mshukuru mwenye gari, panda IST yako, mkanywe chai Bagamoyo.